Shahidi wa Rangi ya Mafuta

Maji yaliifunika njia ya mawe saa tatu asubuhi, na mpaka saa tisa alasiri hakuna mtu wala punda ambaye angeweza kuingia Pors-Gwenn au kutoka. Sajini Goulven Le Meur alilijua hilo tangu utotoni, lakini Jumatatu ile alikwenda dirishani kila baada ya dakika chache, akiomba bahari ichelewe kidogo. Saa tisa gari la farasi lingevuka kutoka ng'ambo kumchukua Katell Kerbrat kwenda gerezani mjini. Akishapanda gari hilo, kesi ingekwenda yenyewe, na mwisho wake ulikuwa shingo ya Katell chini ya kisu cha serikali.

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Siku ile mtego ulikuwa nyumba ya wageni ya Mama Soazig, na pale ukumbini hakuna aliyependa kuwamo. Katell alikaa kwenye benchi karibu na moto, msichana wa miaka kumi na tisa, pingu mikononi, akitazama mitalawanda yake. Mama Soazig, aliyemlea tangu ana miaka kumi na miwili, alikuwa akikaanga chapati za ngano nyeusi ambazo hakuna mtu aliyeziomba. Mezani aliketi Mheshimiwa Poncelet, hakimu mpelelezi, mtu wa Dijon, mwenye miezi miwili tu katika mkoa wetu. Karani wake alikuwa ametapika njia nzima mpaka ufukweni na kukataa kuvuka, kwa hiyo Le Meur ndiye aliyeshika kalamu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jumamosi saa kumi na moja jioni, Mama Soazig alipanda darini, mahali wachoraji wanapoanikia picha zao, akamkuta Bwana Rémy Lasserre amelala chini, amepigwa kichwani kwa jiwe la kusagia rangi. Lasserre alikuwa mwalimu. Miaka minne mfululizo alikuja na wanafunzi wake kutoka Paris, wakala, wakanywa, wakagombana juu ya mistari na rangi, wakaondoka Septemba. Mwaka huu alibaki yeye na mwanafunzi mmoja, Anselme Courtade. Jumamosi mchana Mama Soazig alikuwa kisimani akifua na wanawake sita, na wote sita walikuwa tayari kuapa. Nyumbani walibaki watatu: marehemu, Katell na Courtade.

Kwa hiyo ni mmoja kati ya wawili. Hesabu hiyo hata mtoto angeiweza.

Mwanzoni hakimu aliona wekundu kwenye aproni ya Katell akadhani kazi imekwisha. Le Meur aliinusa aproni, akaiosha pembe moja kwa tapentaini, na wekundu ukatoka wote. Msichana alikuwa ameosha brashi za watu. Hakimu hakupenda kunusishwa aproni. Akashika jambo la pili: Jumamosi asubuhi Katell na Lasserre waligombana kwa sauti, kwa sababu msichana alikataa kukaa achorwe. Kisha akapata la tatu, na hilo la tatu ndilo lililomtia Katell pingu.

Courtade alikuwa na shahidi. Alisema kwamba kuanzia saa nane mpaka saa kumi siku ya Jumamosi alikuwa dirishani ghorofani akichora ua wa nyumba, na katika kuchora kwake alimwona Katell akipanda ngazi ya dari, iliyoko uani, na kitu kizito mkononi. Hakujua maana yake, akakichora tu. Jumapili asubuhi Le Meur alipoichukua picha hiyo, rangi ilikuwa bado mbichi ikamchafua kidole.

"Picha haina mjomba wala shangazi kijijini, Sajini," hakimu alimwambia. "Ndiyo maana naiamini kuliko ninyi nyote."

Nyumbani kwake Dijon alikuwa na picha ya mto, kazi ya mmoja wa wale wazee wanaokaa ukingoni na kiti chao na kukimbizana na jua kabla halijazama. Kwake yeye mchoraji ni mtu wa namna hiyo: anatazama, anapaka, anatazama tena.

Maneno hayo yalimtia Le Meur aibu. Tangu Jumapili asubuhi picha ile ilikuwa mikononi mwake na hakuwa ameitazama. Aliigeuza uso ukutani. Ua wa Mama Soazig ni mawe ya kijivu na mavi ya kuku; Courtade aliupaka wekundu mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, mtu katikati amezungushiwa mstari mnene wa buluu, hakuna kivuli, hakuna mbali wala karibu. Sisi huku tulikuwa tumeshazoea kuzicheka picha hizo. Moja Mama Soazig alizibia tundu la banda la kuku. Na kitu unachokicheka hukitazami.

Saa saba na nusu hakimu alitaka makabiliano. Ndivyo utaratibu ulivyo: mshitakiwa lazima aonyeshwe ushahidi uso kwa uso na jibu lake liandikwe. Le Meur aliibeba picha, akaisimamisha juu ya benchi, bega kwa bega na msichana, ili mwanga wa dirisha uwapate wote wawili.

"Huyu ni wewe?" hakimu aliuliza.

Katell, ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha jikoni, aliitazama picha muda mrefu. Akasema kwa Kibretoni kwamba gauni ni lake, lakini siku ile hakupanda ngazi. Le Meur alitafsiri, akaandika. Alipoinua kichwa kuchovya kalamu aliwaona Katell wawili kwa pamoja, na kalamu ikabaki hewani, wino ukidondoka.

Katell wa kwenye picha alikuwa na kilemba cha lesi chenye mabawa mawili yaliyosimama, yamebanwa kwa pini juu ya utosi. Katell wa kwenye benchi alikuwa na kilemba kilekile, mabawa yamelala mabegani.

Mtoto wa miaka mitatu hapa kwetu anajua maana yake. Ukifiwa, mabawa yanashuka, na hayapandi tena mpaka mwaka upite. Ijumaa saa nne asubuhi Le Meur mwenyewe ndiye aliyeleta karatasi ya ofisi ya mabaharia: Jakez Kerbrat, kaka yake Katell, amepotea na mashua ya jodari pamoja na wenzake wote. Katell hakulia. Alichomoa pini mbili, akazishika kwa meno, mabawa yakaanguka, akaendelea kumenya viazi. Le Meur alikwenda zake haraka kwa sababu hakuweza kuzitazama zile pini mdomoni mwake.

Sasa alimgeukia Mama Soazig, akamwuliza kwa nini hasa Katell aligombana na marehemu Jumamosi asubuhi.

"Si nilishasema. Alimtaka akae achorwe, akakataa."

"Alikataa kukaa, mama, au alikataa nini?"

Mama Soazig aliweka kikaango chini. "Alitaka ayapandishe mabawa. Anasema yakilala picha inakuwa nzito. Mtoto akamwambia kaka yangu hajatimiza siku mbili. Yule bwana akapiga meza."

"Angeweza kuyapandisha baadaye? Saa tisa, kwa mfano, akiwa peke yake?"

"Bora aingie kanisani uchi," alisema Mama Soazig, na akarudi kwenye chapati zake.

Le Meur aliyatafsiri yote kwa hakimu, polepole. Hakimu alisikiliza akizungusha kofia yake mezani. Alisema mila za kina mama ni jambo la kupendeza, lakini yeye anataka kumsikia Bwana Courtade. Jua, kama lingeonekana, lingekuwa limeshapita katikati. Nje maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma, na vichwa vya mawe ya kwanza vilikuwa vinachomoza.

Courtade alishuka ngazi na kiko chake, kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu na koti la mahameli lililochakaa viwikoni. Alikuwa mtu wa kuchekacheka, na watu walimpenda kuliko Lasserre. Le Meur mwenyewe alimpenda. Alimpa kiti, akaigeuza picha ili Courtade asiione, akaanza upya kana kwamba hajapata kumhoji.

"Ulichora ukiwa wapi?"

"Mara ya tatu naulizwa, Sajini wangu. Dirishani. Brashi mkononi, macho uani."

"Ua ni jekundu."

Courtade alicheka, na hakimu akatabasamu naye. "Rangi ni yangu. Rangi inatoka hapa." Alijigusa kifua. "Lakini mtu niliyemwona ni huyo huyo. Mkao wake, gauni lake, jiwe lake."

"Na kilemba?"

"Na kilemba. Hata lesi. Nimekichora kilemba hicho miaka mitatu, nakijua kuliko mama aliyekishona."

Le Meur aliandika jibu hilo neno kwa neno, akamsomea, akamwuliza kama ndivyo alivyosema. Courtade alikubali kwamba ndivyo. Ndipo Le Meur alipoirudisha picha kando ya uso wa Katell na kumwomba atazame wote wawili.

Courtade alitazama. Alivuta kiko, akatazama tena, akasema anaona mtu yuleyule mara mbili. Le Meur alisubiri. Alimpa nafasi ya kutosha, na hilo ndilo lililomhuzunisha: miaka mitatu kijana huyu amekula meza moja na wanawake wa kijiji, amewachora kisimani, kanisani, shambani, na hajapata hata siku moja kujua kwamba vichwa vyao vinasema kitu.

Mama Soazig hakuweza kuvumilia. "Huyo wako anakwenda harusini, baba," alisema kutoka kwenye moto. "Huyu wangu ana msiba."

Le Meur alieleza. Tangu Ijumaa saa nne mabawa yako chini. Yeye mwenyewe aliyaona yakishuka. Mtu aliyetazama uani Jumamosi saa tisa angeona mabawa mabegani, hata kama rangi ya ua inatoka kifuani kwake au tumboni.

"Ni umbo tu," Courtade alisema. "Mstari ulihitaji kupanda. Ukishuka, picha inakufa."

"Kwa hiyo hukuyaona yakiwa juu. Uliyatoa kichwani."

Le Meur aliona kwamba Courtade ameuona mtego. Akisema ameyaona, ni mwongo, na njia ya mwongo ni fupi. Akisema ameyatoa kichwani, basi na ngazi imetoka kichwani, na jiwe pia, na dirisha halina kazi tena. Na hakuna mtu mwingine duniani aliyemweka Anselme Courtade kwenye dirisha lile saa tisa.

Aliyemfungulia mlango alikuwa hakimu.

Poncelet hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeshaandika barua kwa wakubwa wake kwamba ana mshitakiwa. Aliinuka, akaivuta picha kubwa iliyoegemea kabati, kazi ya Lasserre ya majira ya kuchipua: Katell huyohuyo, gauni la buluu, ardhi nyekundu, mabawa juu. Akaziweka mbili pamoja, akarudi hatua mbili nyuma.

"Mbona ni jambo dogo," alisema. "Mabawa yaleyale, yameinama upande uleule. Ulimwona binti kwenye ngazi, ukaharakisha, halafu kilemba ukakinakili hapa kwa mwalimu wako. Kunakili si jinai, Bwana Courtade. Wanafunzi wote wananakili. Sema hivyo, Sajini aandike, tumalize. Maji yanatoka."

Huo ulikuwa mlango hasa, mpana, na Courtade hakuhitaji kufanya lolote ila kupita. Neno moja, ndiyo, na mabawa yangekuwa na maelezo, dirisha lingesimama, na msichana angepanda gari. Sheria haikumruhusu sajini kumwambia hakimu anyamaze. Alimchukia Poncelet wakati ule kuliko alivyomchukia muuaji. Katell alikuwa akimtazama yeye, Le Meur, si hakimu wala mchoraji. Hakuelewa maneno, ila alielewa uso wake, na aliyoyaona huko yakamfanya ashike ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja Le Meur alichokiona darini Jumapili na hakujua akiweke wapi. Sanduku la mbao lililoandikwa anwani ya Paris, misumari nusu imepigwa, picha saba ndani yake, na zote saba zina jina la Lasserre. Kwenye mojawapo jina hilo lilikuwa bichi, juu ya mahali palipokwanguliwa kwa kisu.

Alichovya kalamu. Akaandika kwa sauti, neno baada ya neno, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mimi, Anselme Courtade, mwanafunzi wa Rémy Lasserre, nilinakili kilemba hiki kutoka picha ya mwalimu wangu, kama nilivyozoea kunakili kazi zake." Akainua macho. "Ndivyo, bwana?"

Courtade alikuwa ameweka kiko mezani.

"Futa," alisema.

"Nifute lipi?"

"Nilinakili. Futa. Na nilivyozoea."

"Ni utaratibu tu, Bwana Courtade," hakimu alisema. "Itakusaidia."

"Mimi sijanakili kwa yule mtu hata unywele." Hakupandisha sauti, iliteremka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilipokuja hapa mara ya kwanza yeye alikuwa bado anafukuzia jua mitoni na miavuli ya mabibi. Mstari wa buluu ni wangu. Rangi bapa ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia, ukiliona ua jekundu, lipake jekundu, nani kakwambia uombe ruhusa? Halafu Paris nzima inasema mtindo wa Lasserre. Mabawa haya yeye ndiye kayachukua kwangu. Na picha hii nimeitoa kichwani kwangu mwenyewe, tangu mstari wa kwanza, mshumaa mmoja, dirisha limefungwa. Sikuhitaji kumtazama mtu yeyote. Sijapata kuhitaji."

Chapati iliungua. Hakuna aliyeigusa.

"Mshumaa," alisema hakimu, na safari hii uso wake ulikuwa umebadilika. "Saa nane mchana?"

Courtade aliutazama mlango. Nje ya mlango kulikuwa na ua, baada ya ua ufuko, baada ya ufuko maji ya kufika kiunoni, na ng'ambo ya maji gari la askari lilikuwa limeshasimama linangoja. Alikaa tena kwenye kiti chake mwenyewe, bila kuambiwa.

Yaliyobaki aliyasema kwa uchovu, na Le Meur aliyaandika bila kumkatiza. Jumamosi saa tisa alipanda darini, akamkuta Lasserre anapiga misumari sanduku. Aliona picha yake mwenyewe ndani, jina limekwanguliwa. Alimwomba airudishe. Lasserre alicheka, akamwambia kwa upole kabisa kwamba Paris hainunui picha ya mwanafunzi, na kwamba siku moja atamshukuru. Jiwe lilikuwa mezani. Usiku akakaa akachora picha ya kujiokoa, akamweka Katell ndani yake kwa sababu umbo lake ndilo alilolijua vizuri zaidi.

"Na shingo yake?" Le Meur aliuliza. "Uliifikiria?"

Courtade alisema hakufikiria kwamba mtu ataiamini picha kiasi hicho. Zake hazijapata kuaminiwa.

Saa tisa na dakika chache magurudumu yalisikika juu ya mawe. Le Meur alimfungua Katell pingu. Ufunguo ulimshinda mara mbili. Msichana alisugua vifundo vyake, akauliza kama anaweza kurudi kwa Mama Soazig sasa. Le Meur alimwambia nenda, mwanangu, nenda, halafu akalazimika kutazama dirisha, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili. Mama Soazig alikwenda mlangoni, akachukua blanketi alilokuwa ameliweka tayari kwa ajili ya safari ya Katell, akarudi nalo ndani amelikumbatia. Kuhusu baridi ya abiria mwingine hakuuliza.

Ilibaki kazi ya kuzifunga picha kama vielelezo. Kila kielelezo hutiwa lakiri na kibandiko, kibandiko huandikwa maelezo, na mshitakiwa hutia sahihi chini yake. Hakimu alisimama mbele ya ua jekundu, mikono nyuma, akaamuru kwa haraka huku saa yake ikiwa wazi kiganjani.

"Picha ya mafuta juu ya turubai. Mwanamke akipanda ngazi. Kwa mtindo wa marehemu Lasserre."

Le Meur aliandika. Courtade aliegemea mbele kusoma, na pingu zikagonga meza.

"Mheshimiwa," alisema. "Yale maneno ya mwisho. Nakuomba. Nitatia sahihi kingine chochote."

Poncelet alizitazama zile picha mbili kwa mara nyingine, ile kubwa na ile ndogo, kwa haki kabisa, kama mtu anayetaka kuwa na uhakika.

"Mimi naandika ninachokiona, Bwana Courtade," alisema, na akamsogezea wino.

Courtade aliishika kalamu muda mrefu. Mwishowe akaandika jina lake lote, kwa herufi nzuri, mahali alipoonyeshwa.